Mathenge au mgunga? Mwongozo kamili wa kuutambua mti wa jamii ya kunde uliovamia nyika

Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali ya Kenya kwa kuwaletea mti wa mathenge, na mahakamani Nairobi wakaenda na mbuzi asiye na meno. Maganda ya mathenge yana sukari nyingi. Mbuzi akishinda akiyala siku nenda siku rudi, meno huoza na kung'oka. Kisa hicho kilisambaa mbali, na mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu. Tangu hapo hakuna mfugaji wa nyika asiyejua kwamba mathenge ni adui. Shida ni kwamba si wote wanaomjua adui huyo kwa sura.

Jioni moja karibu na Marigat, Baringo, nilisimama mbele ya rundo la miti iliyofyekwa. Vijana walikuwa wamepewa kazi ya kusafisha malisho, na malipo yao yalihesabiwa kwa ukubwa wa eneo. Katika rundo lile nilihesabu migunga sita, miti iliyoonekana kuwazidi wote umri. Hatua chache kando, ukingoni mwa mtaro, mathenge mitatu michanga ilikuwa imesimama salama kwa sababu haikuwa na miiba. Mzee mwenye malisho alitikisa kichwa. "Wamenikatia chakula cha mbuzi," alisema, "wakaniachia ugonjwa."

Kinachofuata hapa ni namna ya kukwepa kosa hilo. Kanuni yenyewe ni fupi: usitie panga mpaka mwiba, jani na ganda vikubaliane. Msimu ambao hakuna maganda, tumia ua. Alama moja peke yake itakudanganya, na kila hatua nitaonyesha inavyodanganya.

Majina kwanza, maana yanachanganya

Mathenge ni jina la Kenya. Upande wa Kahe, Moshi, watu huuita mrashia. Waturkana wanasema etirae, na Wasomali wana lao. Kitaalamu ulijulikana kwa miaka mingi kama Prosopis juliflora. Mwaka 2022 wataalamu wa mimea waliigawa jenasi ya Prosopis, na jamaa zake wa Amerika wengi wakahamishiwa jenasi ya Neltuma. Kwa hiyo ukikutana na Neltuma juliflora kwenye maandishi mapya, ni mti uleule. Migunga nayo ilibadilishiwa majina kabla ya hapo: ile ya Afrika iliyoitwa Acacia sasa imegawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Sikuandikii haya ili uyakariri. Nayaandika kwa sababu ukitafuta picha mtandaoni kwa jina moja tu, nusu ya picha zitakupita.

Asili ya mathenge ni Meksiko, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Kenya ulipandwa mwaka 1973 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa Bamburi, Mombasa, kurudisha kijani mahali palipobaki mwamba mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, Turkana na Tana River, kuni zipatikane na vumbi lipungue. Kwa kazi hiyo, tuseme haki, haukushindwa. Ulichoshindwa ni kukaa ulipopandwa.

Vifaa

Huhitaji maabara. Beba kisu kikali, rula ya sentimita, karatasi nyeupe au daftari, simu yenye kamera, na ukiweza kioo kidogo cha kukuzia. Kwa mikono, glovu za ngozi. Za kitambaa ni kujidanganya. Kwa miguu, viatu vya soli nene. Mwiba wa mathenge hutoboa tairi la pikipiki, sembuse kandambili. Ukiinama ndani ya kichaka vaa miwani ya aina yoyote, na jicho likichomwa usingoje kesho kwenda hospitali. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nenda asubuhi. Miti mingi ya kundi hili hukunja vijani vyake, yaani vipande vidogo vinavyounda jani moja, jua likizidi au tawi likinyauka, na jani lililojikunja ni kazi kulisoma.

Hatua ya 1: Tazama kwa mbali, lakini usihukumu

Mgunga wa kawaida wa nyika, Vachellia tortilis (ndio nitakaoulinganisha na mathenge kila hatua), ukikomaa hufungua kilele bapa kama mwavuli. Mathenge hauna mwavuli. Mara nyingi ni kichaka cha mashina mengi yanayotoka chini pamoja, matawi yakijipinda na kuinama mpaka yanaburura ardhini, hata mbuzi hapati njia. Ukipewa nafasi na maji huwa mti wa shina moja wenye kilele cha ovyo, kipana, kisicho na umbo unaloweza kulitaja.

Rangi nayo husema kitu. Mwezi wa ukame mkali, migunga ikiwa imepukutisha, mathenge bado uko kijani. Mizizi yake inafuata maji mbali chini: huko Arizona mizizi ya mti wa kundi hili ilikutwa mgodini, mita 53 chini ya uso wa ardhi. Kwa hiyo mstari wa kijani kibichi kando ya lagha kavu, yaani mto wa msimu, ni sababu nzuri ya kusogea. Kusogea tu. Mkababu, mti mwingine wa nyika nitakaoueleza mbele, nao huwa kijani wakati wa kiangazi, na mgunga mchanga au uliotafunwa na mbuzi kila mwaka hauna mwavuli wowote.

Hatua ya 2: Mwiba

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu huuliza kama mti una miiba. Swali hilo halisaidii. Nusu ya nyika ina miiba. Uliza maswali mengine manne: mwiba umetokea wapi, umenyooka au umepinda, una rangi gani, na iko mingapi mahali pamoja.

Kwenye mathenge, mwiba hutoka kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na tawi. Unaweza kuwa mmoja au jozi. Umenyooka, una urefu wa kuanzia nusu sentimita hadi sentimita 5, na rangi yake inafanana na ya tawi: kijani ukiwa mchanga, kisha kahawia au kijivu. Tawi lenyewe limejikunja zigizaga, likigeuka kidogo kila fundo, yaani kila linapotoka jani.

Mgunga una mwiba mweupe kama mfupa, wenye ncha nyeusi au kahawia. Na una hulka ambayo ukiijua hutausahau: kwenye tawi lilelile kuna jozi za miiba mirefu iliyonyooka na jozi za miiba mifupi iliyopinda kama ndoana. Ile mirefu inakudunga, ile mifupi inakushika shati. Mathenge hauna ndoana kabisa. Ukiona ndoana hata moja kwenye tawi, huo si mathenge, funga mjadala.

Sasa tahadhari niliyoahidi. Mathenge mingine haina miiba, au ina michache kwenye machipukizi tu na matawi ya juu yako wazi. Ndiyo iliyowaponyoka vijana wa Marigat. Kukosekana kwa mwiba hakuuondolei mti mashaka. Kuwepo kwa ndoana kunauondolea.

Hatua ya 3: Jani

Nikiambiwa nibaki na alama moja tu, nitachagua hii. Ina kazi ya kuhesabu, kwa hiyo tulia kivulini.

Chuma jani zima. Neno "zima" lina uzito, kwa sababu wengi huchuma kipande. Jani la mkwaju, ambao nao ni wa jamii ya kunde, lina uti mmoja na vijani pande mbili. Majani ya mathenge na ya migunga yamegawanyika mara mbili: kikonyo kinatoka tawini, kinazaa vijitawi kwa jozi, na kila kijitawi ndicho chenye vijani. Jani zima linaishia pale kikonyo kinapokutana na tawi. Ukichuma kijitawi kimoja ukadhani ni jani, hesabu yako yote itakuwa ya uongo.

Lilaze juu ya karatasi nyeupe, uhesabu vijitawi. Mathenge una jozi moja hadi tatu, mara chache nne. Kisha hesabu vijani katika kijitawi kimoja: mara nyingi jozi 11 hadi 15, ingawa unaweza kukuta pungufu au zaidi. Pima kijani kimoja cha katikati. Kwa kawaida kina urefu wa milimita 6 hadi 23. Fikiria ukucha wa kidole cha mwisho, wakati mwingine wa gumba. Ni kirefu chembamba, chenye ncha butu.

Weka jani la mgunga pembeni yake. Vijitawi vyake vinaweza kuanzia jozi mbili na kupita kumi, kwa hiyo idadi pekee inaweza kugongana na ya mathenge. Ukubwa haugongani. Kijani cha mgunga ni kidogo kuliko punje ya mchele, mara nyingi milimita 1 hadi 4, na jani zima mara nyingi linatoshea juu ya sarafu ya shilingi 20 ya Kenya. Jani la mathenge linafunika kiganja cha mtoto.

Kuna kitu kidogo pale vijitawi vya mathenge vinapoungana: tezi ndogo yenye umbo la kikombe. Utaiona vizuri kwa kioo cha kukuzia. Migunga kadhaa nayo ina tezi, hivyo usiitegemee kama ushahidi mkuu. Mimi huitafuta ili kujiridhisha tu.

Onyo moja la vipimo: usipime majani ya machipukizi yaliyoota juu ya kisiki. Huwa makubwa kupita kiasi, yatakupeleka kwingine. Chukua majani ya katikati ya tawi lililokomaa, matano kwa kila mti, kutoka miti mitatu.

Hatua ya 4: Ua

Maua ya kundi hili huja kwa maumbo mawili. Kuna ya mviringo, kama kijipira cha nyuzi laini, na kuna yaliyopangana marefu kama suke la uwele. Mathenge una suke, la manjano iliyochanganyika na kijani, urefu wa sentimita 5 hadi 15, na nyuki hawabanduki hapo. Asali ya Baringo ina deni kwa maua hayo.

Mgunga una vijipira vyeupe vinavyoelekea rangi ya maziwa. Vachellia nilotica na Vachellia seyal zina vijipira vya manjano iliyokolea. Kwa hiyo ukiona kijipira, cha rangi yoyote, umeshatoka kwa mathenge.

Suke halitoshi kukuthibitishia, kwa maana kikwata, mti wa ndoana nitakaoueleza mbele, na mkababu nayo hutoa masuke. Yao ni meupe au rangi ya malai, haya ya mathenge yana ukijani.

Hatua ya 5: Ganda

Mathenge huzaa kwa wingi na karibu mwaka mzima, kwa hiyo tazama chini ya mti hata kama juu hakuna kitu. Ganda lina urefu wa sentimita 8 hadi 29, upana wa sentimita moja na ushei, limenyooka au limepinda kidogo kama mundu. Likiiva huwa la manjano ya majani makavu. Ni nene, limejaa nyama.

Livunje. Maganda ya baadhi ya migunga yakikauka hupasuka yenyewe yakamwaga mbegu. La mathenge halipasuki. Ndani kuna nyama kama sifongo iliyokauka, yenye utamu, na kila mbegu imefungiwa ndani ya kijisanduku chake kigumu ambacho hata kwa kisu utahangaika nacho. Ndiyo siri ya kuenea kwake. Mnyama hufuata utamu, humeza sanduku, na siku kadhaa baadaye huliacha mbali likiwa zima, limezungukwa na mbolea.

Mgunga: ganda limejisokota kama hereni au chemchemi ya kalamu. Vachellia nilotica: ganda limebanwa kati ya mbegu na mbegu, mfano wa tasbihi. Kikwata: ganda bapa, jembamba kama karatasi, linapeperushwa na upepo. Kati ya alama zote hii ndiyo rahisi kumfundisha mtoto anayechunga, na watoto wanaochunga ndio wanaouona mti kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wanaofanana na mathenge kweli

Mkababu, Faidherbia albida, ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, maana unapita mitego mingi. Una miiba iliyonyooka kwa jozi, bila ndoana. Una suke. Matawi yake hujikunja zigizaga. Uko kijani wakati wa ukame, kwa sababu huota majani kiangazi na kuyapukutisha mvua zikinyesha, kinyume na miti mingine. Na unapenda kingo za mito mikavu, palepale mathenge unapopapenda. Mtu akifuata alama mbili za juu juu ataukata, na atakuwa amekata mti mmojawapo bora wa kivuli, malisho na rutuba tulionao.

Utenganishe hivi. Tawi changa la mkababu lina weupe wa majivu. La mathenge ni kijani au kahawia. Jani la mkababu lina rangi ya kijani-samawati kama limepakwa vumbi, na vijitawi vyake ni jozi 3 hadi 12, kwa hiyo hesabu majani kadhaa, usiridhike na moja. Ganda ndilo hakimu: la mkababu lina rangi ya machungwa inayoelekea kahawia, pana, limejikunja kama ganda la tufaha lililomenywa kwa kisu. Kama hakuna ganda wala ua na bado huna hakika, uache mti mpaka msimu ujao. Mathenge mmoja ukibaki miezi sita zaidi si msiba. Mkababu wa miaka 40 haurudi.

Kikwata ni jina linalobebwa na miti miwili, na yote miwili hujulikana kwa ndoana nyeusi. Senegalia mellifera ina ndoana kwa jozi, na jani lake lina vijani vichache vya mviringo, jozi moja au mbili tu kwa kijitawi. Senegalia senegal, mti wa gundi ya arabiki, ina ndoana tatu kila fundo: ya katikati imeelekea chini, mbili za pembeni zimeelekea juu. Hakuna mtu aliyewahi kupita kwenye kikwata akadhani ni mathenge mara ya pili. Nguo zake zitamkumbusha.

Mkingiri, Dichrostachys cinerea, una ua la rangi mbili, nusu zambarau-waridi na nusu manjano, likining'inia kama taa. Bila ua, angalia mwiba: ni kijitawi kifupi kilichochongoka, na mara nyingine kina majani juu yake. Maganda yake yamejisokota na kushikamana kwa bonge.

Lukina, Leucaena leucocephala, hauna mwiba hata mmoja, na maganda yake bapa ya kahawia huning'inia kwa mafungu. Watu huukosea na mathenge isiyo na miiba. Ua ni kijipira cheupe, basi imekwisha. Pakinsonia nayo ina gome la kijani, majani kama nyuzi ndefu bapa, na ua la njano lenye petali za kuonekana. Ukiiona mara moja hutaichanganya tena.

Miche

Mche wa wiki mbili wa mathenge na wa mgunga ni mapacha. Sijaribu kuitenganisha kwa jani katika umri huo, na ninamshuku anayesema anaweza. Badala yake natazama mahali. Miche ya mathenge mara nyingi hutoka kwa kundi, kumi au ishirini pamoja, kwenye kinyesi cha ng'ombe au cha mbuzi, kuzunguka boma, kisima, au njia ya mifugo. Ng'oa mmoja taratibu wakati udongo una unyevu, uangalie kama kijisanduku cha mbegu bado kipo karibu na mzizi. Kikiwepo, umepata jibu. Kisipokuwepo, ngoja mpaka uwe na majani matatu au manne yaliyogawanyika mara mbili, kisha urudi kwenye hatua ya tatu.

Kwa walioko Oman na Ghuba

Ndugu zetu wanaosoma kutoka Muscat, Sur au Dubai wana mtihani tofauti, maana huko kuna Prosopis ya kienyeji: ghaf, Prosopis cineraria, mti wa taifa wa Falme za Kiarabu. Mathenge uliingizwa huko pia, na ndio unaoitwa ghuwaif. Majina yanakaribiana, na miti yenyewe inakaribiana.

Shika tawi, utazame kati ya fundo na fundo. Ghaf una miiba midogo yenye umbo la pia, milimita 3 hadi 6, iliyotawanyika popote kwenye tawi bila mpangilio. Mathenge haiweki mwiba katikati. Miiba yake, ikiwepo, iko kwenye mafundo. Ganda la ghaf ni jembamba, milimita 4 hadi 7, likining'inia kama uzi mnene, wala halina unene wa lile la mathenge. Matawi ya ghaf hulegea yakielekea chini, na mti mzima una rangi ya kijivu-kijani. Alama ya mwiba inatosha mara nyingi.

Je, ni mathenge ipi?

Wengi wenu mnaweza kuruka kipande hiki. Kwa anayeandika ripoti au anayefanya utafiti wa chuo, kinamhusu.

Walioleta mathenge Afrika Mashariki hawakuleta spishi moja. Ipo pia Prosopis pallida, na sehemu za Turkana Prosopis chilensis, na miti hii huzaana yenyewe kwa yenyewe. Chilensis ni rahisi: vijani vyake ni virefu na vyembamba mno, vinaweza kufika sentimita 6, na vimeachana kama meno ya kitana cha nywele nene. Pallida ina vijani vidogo, kwa kawaida chini ya milimita 8 au 9, mara nyingi vyenye manyoya laini, na vijitawi jozi 2 hadi 4. Juliflora kwa wastani hupita sentimita moja. Ukipata vipimo vya katikati, milimita 8 hadi 10, andika vipimo vyako wala usilazimishe jina. Hapo maabara ndiyo huamua: juliflora ina kromosomu 56, wenzake 28.

Kupiga picha na kuhifadhi sampuli

Picha moja ya mti mzima haimsaidii mtu yeyote. Piga tano: mti kwa mbali, tawi lenye miiba kwa karibu, jani zima juu ya karatasi nyeupe likiwa na rula pembeni, ua, na ganda lililovunjwa. Programu za simu za kutambua mimea, iNaturalist ikiwemo, hufanya kazi nzuri zikipewa picha hizo. Zikipewa ya kwanza peke yake hukisia kama sisi.

Kwa sampuli, kata tawi la urefu wa kalamu mbili lenye majani na ua au ganda. Libane ndani ya gazeti palepale ulipolikatia, kabla vijani havijajikunja, kisha uweke uzito juu. Badilisha gazeti kila siku kwa siku nne au tano za kwanza, la sivyo vijani vitapukutika na utabaki na uti. Andika tarehe, mahali, aina ya udongo, na jina ambalo wenyeji wanautumia. Kenya unaweza kuipeleka kwenye hifadhi ya mimea iliyo ndani ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Tanzania, ile ya taifa iliyoko Arusha. Uganda, ya Chuo Kikuu cha Makerere. Maganda yaweke kwenye mfuko wa karatasi uliofungwa sawasawa. Usiyaache nyuma ya gari yakidondoka njiani: utakuwa umeupanda mathenge kila ulipopita.

Ukishakuwa na hakika

Kukata shina juu ya ardhi ni kuupalilia. Kisiki huchipua, na shina moja likawa kumi. Chimba, ukate mzizi sentimita kama 20 au 30 chini ya udongo, chini ya pale machipukizi yanapoanzia. Mashina yenyewe yana kazi: ni kuni nzito na makaa ya nguvu, ila uliza kwanza sheria za makaa za eneo lako. Maganda yaokote kabla mifugo hawajayafikia, uyasage mpaka mbegu zivunjike, uchanganye na chakula kingine. Usiyafanye ndiyo mlo mzima. Ng'ombe waliokula maganda mazima wazuie bomani siku kadhaa, wiki ikiwezekana, kabla ya kuwapeleka malisho safi.

Funga kitambaa chekundu kwenye kila mgunga na mkababu kabla wakataji hawajafika, na uwalipe kwa idadi ya visiki vya mathenge vilivyong'olewa. Kisha rudi baada ya mvua ya kwanza, upite palepale na jembe dogo. Mbegu zilizobaki ardhini zina uhai wa miaka mingi, na miche itakuwa imeshatoka kwenye kinyesi cha zamani, kumi kumi.